Ati nimpigie madam nimuulize nyama ni ya nini

Alhamisi iliyopita nimeingia bucha kitu saa kumi na mbili na nusu jioni, nimechoka, mkono mmoja nimebeba waru (viazi) za mia na ule mwingine simu, nikamwambia jamaa nipimie nusu kilo ya steki, kipande kimoja, usikate. Hiyo "usikate" nilisema mara mbili. Jamaa akatoa nyama kwa ndoano, akaitupa kwa mizani, akaitoa kwa mizani akaiweka kwa gogo, na kabla nimalize kuweka pin ya M-Pesa nasikia ko! ko! ko! Naangalia hivi, nusu kilo yangu imekuwa vipande ishirini na kitu, saizi ya mchuzi. Nikamwambia boss, si nimesema usikate? Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Kwani ni ya nini? Mpigie madam umuulize vizuri."

Nimpigie madam! Madam ni nesi, wiki hiyo alikuwa anaingia usiku, na nikimpigia saa hiyo kumuuliza nyama inakatwa aje atadhani mtoto ameungua. Wiki akiwa usiku mimi ndio hupika, imekuwa hivyo tangu tuanze kukaa pamoja na hakuna mtu ameenda hospitali. Lakini hata si hiyo ilinichoma, hiyo nimezoea, kuna mama wa mboga hapa kwetu huniuliza kila siku kama bibi alirudi kwao. Kilichonichoma ni zile vipande ishirini, juu mpango wangu wote wa jioni ulikuwa umekaa juu ya kipande kimoja cha nyama.

Mpango wenyewe hauna maajabu. Nyama na waru, pan moja, watu wanakula, wanalala. Kwangu kuna meko ya gesi ya kilo sita na mdomo ni mmoja, kwa hivyo ukisema wali na mchuzi na mboga hapo umesema foleni, wali inangoja mchuzi, mchuzi ikiiva wali imepoa, na saa nne usiku unaangalia sinki iko na sufuria tatu, mwiko mbili na kifuniko ambacho hukumbuki kilitumika kufunika nini. Na maji ni ya mtungi. Chakula cha pan moja si uvivu, nimechoka kusikia hiyo, ni hesabu.

Sasa, zile video. Mmeziona. Mtu anatupa waru na nyama kwa pan pamoja, anafunika, anafunua, dakika kumi na tano, tabasamu. Uongo mtupu. Waru zikiiva hapo nyama imekuwa soli, na nyama ikiwa sawa waru ziko mbichi katikati zinalia kru kama karoti. Pan ni moja lakini hazipikwi pamoja, zinapikwa moja baada ya ingine, na waru ndio huanza. Hiyo ndio siri yote na inakaa kwa mstari mmoja, sijui kwa nini mtu anahitaji muziki.

Halafu kuna kitu hao watu hawawezi jua kwa sababu hawaishi huku. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na huku maji huchemka yakifika kama nyuzi 94, si 100. Ndio maana githeri huku inakula gesi hivyo. Mtu wa Mombasa akikwambia waru zinaiva na mvuke dakika tano, mshukuru, halafu ongeza. Watu wa Molo ongezeni tena, nyinyi mko juu zaidi.

Waru angalau hatuna shida nazo. Nyingi unazopata hapa soko ni aina ya shangi, na shangi huiva haraka hadi ukizubaa unapata uji. Mimi hukata vipande vikubwa kidogo kuliko dadu ya ludo, naloweka maji baridi kama dakika kumi wanga itoke, napanguza na kitambaa hadi zikauke kabisa. Mafuta vijiko vitatu, waru zilale chini zote zisipandane, chumvi, maji vijiko viwili, funika dakika nane ama kumi. Ukifunua maji yawe yameisha. Hapo unaziacha. Nasema unaziacha, usigeuze geuze kama umeajiriwa, wacha upande wa chini ushike rangi ndio ugeuze. Zote ni kama dakika ishirini, ishirini na tano, unatoa unaweka kando. Na zile zimekuwa kijani kwa ngozi rudishia mwenye duka, hiyo si rangi ya fresh, hiyo ni sumu.

Halafu moto juu, pan ianze kutoa kamoshi. Nyama umeipanguza ikakauka, umeipaka chumvi ama saa nzima mbele ama papo hapo ukiiweka. Hapo katikati, dakika kumi, dakika kumi na tano, ndio pabaya, chumvi inakuwa imevuta maji nje na hayajarudi ndani. Kama unene ni wa kidole gumba mimi hupea dakika nne huku na nne huku, juu nyama nyekundu siwezi, msinishawishi, najua ile maji nyekundu si damu na bado siwezi. Unaitoa inapumzika kwa sahani dakika tano. Kwa hiyo pan chafu unatupa kitunguu, saumu, kamaji kidogo, unakwangua ile rangi imeshika chini, unarudisha waru zako, sukuma imekatwa nyembamba inaingia dakika mbili za mwisho, dania, umemaliza. Sahani ni za kula tu. Pan moja, kisu moja.

Sasa chukua zile vipande ishirini za panga ujaribu hivyo.

Nilijaribu. Sikuwa na kitu ingine. Niliziweka kwa pan ya moto na kwa sekunde kama kumi zilisema chaaa vizuri, halafu sauti ikabadilika ikaanza kusema blup blup, kuangalia hivi nyama inaogelea. Kila kipande kimekatwa pande sita na kila upande unatoa maji, pan imepoa, na nyama ikishakaa kwa maji haiwezi pita ule moto wa maji kuchemka, na rangi ile ya kahawia ya utamu inataka kitu kama nyuzi 140 kwenda juu. Kwa hivyo haikaangiki, inachemka, inakuwa rangi ya barabara. Na panga haikati saizi moja, kulikuwa na kimoja kama ngumi ya mtoto na kingine kama kucha, kucha imeshakuwa jiwe na ngumi bado inatoa nyekundu. Kijana yangu alitafuna kimoja kutoka mwanzo wa habari hadi michezo. Akakitoa akakiweka kando ya sahani kwa heshima, hata hakusema kitu. Na mimi nikajua akikua atasema baba yake hakuwa anajua kupika, na mtu wa panga atakuwa amelala zake fofofo.

Hapo ndio nataka tuongee ukweli. Sisi kila siku tunalia nyama ya siku hizi ni ngumu, ng'ombe wamezeeka, ni wale wa maziwa wamechoka, sijui wamelishwa nini. Mtu ananunua unga wa kulainisha, mwingine anapaka papai mbichi kama watu wa pwani, hiyo ya papai hata inafanya kazi. Lakini nyama ina nyuzi. Ukiangalia kipande cha steki unaziona zimelala upande mmoja kama nyasi ya paa. Ukikata kuzikatisha, kila nyuzi inakuwa fupi na jino linapita. Ukikata kuzifuata, umempa mtu kamba atafune. Ni hiyo tu! Haiongezi hata shilingi! Ng'ombe yule yule, bei ile ile, bucha ile ile, tofauti ni kugeuza kipande robo mzunguko kabla ya kuteremsha kisu, na kwa miaka yote nimenunua nyama hapa mjini, tangu tukiwa manispaa hadi tukapewa jiji mwaka wa 2021, sijawahi kuona mtu akigeuza. Jiji tumepewa, kisu bado.

Na sisi pia tunakubali. Tunasimama pale tukiangalia simu, anauliza "ya kuchemsha ama ya kukaanga?" na chochote utakachojibu panga ni ile ile. Fundi wa nguo akikushonea suruali bila kukupima utapiga kelele hadi chifu asikie, lakini nyama, kitu ya pesa hiyo yote, unachukua tu unasema asante boss. Mimi mwenyewe Alhamisi nilisema asante boss. Hasira ilinipata nikiwa tayari kwa ngazi.

Kuna pia hii sifa ya nyama fresh. Ng'ombe amechinjwa alfajiri, jioni uko naye kwa meko, unajivunia. Nyama ikishachinjwa hukakamaa, halafu ikikaa kwa baridi siku kadhaa inajilegeza yenyewe pole pole, ndio maana kwingine wanaitundika kwa chumba cha baridi wiki moja, mbili, kabla mtu aionje. Kama uko na friji, iweke kwa sahani bila kufunika, chini kabisa, siku mbili. Inakauka juu na inalainika ndani. Kama huna, basi nunua ile sehemu ya mgongo ambayo haikufanya kazi nyingi ng'ombe akiwa hai, na ndio, bei itakuuma.

Haya, wacha niwe mkweli, panga ina sababu zake. Kwa gogo moja jamaa anagawa mguu mzima na kila mtu anapata mfupa kidogo na mafuta kidogo na nyama kidogo, na ukipika hiyo mchanganyiko kwa sufuria saa mbili na nyanya, hakuna steki ya hoteli inafika hapo. Mchuzi wa mfupa wa panga ni mtamu. Sawa. Nimesema. Lakini saa mbili za gesi Alhamisi usiku mtoto ana homuwaki, hapana.

Na shemeji yangu, ambaye alikuja mara moja nikapika hii kitu ikatoka vizuri kabisa, alimaliza sahani, akapanguza mdomo, akauliza chakula inaiva saa ngapi. Alikuwa anangoja ugali. Huyo sina la kumwambia.

Pan nayo ina kesi yake. Hii nyama inataka pan nzito, ile nyepesi ya alumini inaunguza katikati na kando ni baridi, na zile za mpako usiotaka kushika hazipendi moto mkali namna hiyo. Pan nzito kwangu ni moja tu, pan ya chapo. Mathe alinipea nikihama nyumbani, ni nyeusi kama usiku, ina umri kunishinda. Mwezi wa nne alikuja kututembelea, akainusa. Kweli, aliinua pan akanusa. "Umepika nini hapa?" Nikasema nyama. Akaweka chini, akakaa, akaniambia, "Hii pan haijawahi kuona nyama tangu nyanyako." Niliosha hiyo pan na majivu, nikaipaka mafuta, nikaichoma tena, na bado chapo za kwanza alizopika siku hiyo alikula akiniangalia. Zilikuwa tamu, kwa maoni yangu. Sikusema.

Basi jana nimerudi pale pale bucha. Ningeenda ingine lakini iko mbali na hii iko hapa stage ya London, London yetu ya Nakuru, na jamaa si mtu mbaya, huwa anaongezea. Nikasimama karibu na gogo, simu mfukoni, nikamwambia brathe, leo nataka kipande kimoja, unene hivi, nikamwonyesha kidole gumba. Akashika panga. Nikasema aah-aah. Akaniangalia. Akaweka panga chini, akafungua droo, akatoa kisu ambacho sikujua hata kiko, akakinoa kwa chuma polepole kama mtu anayenidhihaki, akaweka nyama kwa gogo vizuri, akapima na kidole chake mwenyewe, akakata.

Alikata akifuata nyuzi. Kutoka mwanzo hadi mwisho, safi kabisa, kamba tupu.

Akaifunga kwa karatasi akinichekea, amefurahi. "Madam atapenda hiyo." Nikalipa nikasema asante boss. Wiki ijayo naenda na kisu yangu.