Podikasti kwa Kinyozi, Maparachichi ya Shangazi

Kinyozi wangu wa Majengo, hapa Moshi, huegemeza simu kwenye chupa ya spiriti na kufungulia podikasti ya saa mbili. Kichwa changu kinaisha kabla mgeni hajamaliza kusimulia alivyofilisika kwenye mitumba. Televisheni ipo ukutani, imezimwa, pembeni yake pananing'inia taulo. Nikamuuliza kwa nini haweki taarifa ya habari. Akacheka. "Kaka, ile ni nani kazindua nini, na nani alikuwa mgeni rasmi."

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Yule wa podikasti anamuuliza mgeni wake alikopa wapi, riba ilikuwa ngapi, na mke alisema nini duka lilipofungwa. Mwandishi wetu anayesubiri bahasha mwisho wa warsha haulizi hivyo. Na wanasiasa wameshanusa masikio yalikohamia: Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, Trump alikwenda kukaa na Joe Rogan, mwenye podikasti maarufu ya huko, kwa muda wa karibu saa tatu.

Kuna na hofu. Mwezi huohuo hapa kwetu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa gazeti la Mwananchi, kwa sababu ya video ya katuni iliyogusia watu waliopotea na waliouawa. Mhariri wa chombo kingine akishaona hayo, unadhani kesho atatanguliza habari gani? Lakini wa mtandaoni naye asijione ndege. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie jumla ya shilingi milioni 2.1 ndipo aandike kwa halali. Na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi wetu, Oktoba 29, 2025, podikasti zote zilinyamaza kwa mpigo.

Hata hivyo, ugomvi wangu na hawa vijana wa mtandaoni wenye wafuasi wengi ni mwingine, na unatoka kwa shangazi yangu.

Shangazi anakaa Boma Ng'ombe, huleta maparachichi sokoni Mbuyuni. Msimu mmoja wa masika, jamaa mmoja maarufu mtandaoni akarusha video ya daraja likisombwa na maji, akasema ni la Kikafu, njia yake ya kuja Moshi. Shangazi alitumiwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshafunga magunia mawili. Akayafungua. Daraja lilikuwa zima, magari yalipita kutwa nzima. Ile video ilikuwa ya nchi nyingine kabisa. Baada ya siku tatu maparachichi yakawa yanabonyea kwa kidole, akayauza kwa bei ya kutupa. Jamaa alifuta video kimyakimya, jioni akarudi na tangazo la sabuni. Gazeti likikosea, walau kuna ofisi ya kwenda kugonga meza, na kanusho hutoka, japo ukurasa wa ndani kwa herufi za sisimizi. Huyu ningemgongea wapi?

Na hao wanaosema wataziba pengo la magazeti, sijaona hata mmoja kwenye kikao cha baraza la madiwani. Kikao kinachosha, nakubali: makabrasha, hoja za mkaguzi, mtu anasinzia kule nyuma. Hakuna atakayebonyeza kutazama. Ila fedha za mtaro wa mtaani kwako zinapitishwa mle. Juzi kwa kinyozi nilimsikia mtangazaji wa podikasti akichambua kwa hasira bajeti ya halmashauri, vizuri sana. Nikainama kuitazama simu. Mbele ya mtangazaji, mezani, palikuwa na gazeti limekunjwa, na kila akitaja tarakimu macho yalishuka pale.

Nilimsimulia shangazi hilo, akaniambia, "Mwanangu, mimi siku hizi nampigia konda wa Hiace kabla sijafunga gunia."