Usinitumie picha ya jenomu, nitumie linki

Nina ombi kwa wenzangu wanaoshughulika na data za jenomu (taarifa zote za kurithi za kiumbe) huku kusini: tuache kutumiana picha za skrini. Tutumiane linki ya kivinjari cha jenomu, yaani tovuti ya kutazama jenomu kama ramani.

Hapa Mtwara jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Kituo cha Naliendele cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kinajulikana zaidi kwa korosho, lakini kimefanya kazi kubwa pia kwenye muhogo na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule ambao mkulima anaweza kuona shamba limestawi, akaja kung'oa na kukuta mizizi imeoza ndani. Namikonga, aina ya huku inayouhimili, ilichavushwa na Albert, ambayo huugua upesi, na mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya maeneo ya jenomu yanayohusiana na uhimilivu huo. Muhogo una jozi 18 za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni. Ukitumiwa kwenye WhatsApp picha ya eneo moja tu, utafanya nalo nini? Huwezi kusogea uone jeni jirani. Huwezi kuweka data zako juu yake ukalinganisha.

Kivinjari cha jenomu cha UCSC, kilichoanzishwa mwaka 2000 Santa Cruz, Marekani, kinakuwezesha kuongeza traki yako mwenyewe, yaani mstari wa data zako ukae sambamba na jeni zilizokwishatambuliwa. Anwani ya faili lako unaiweka ndani ya linki ya kivinjari. Anayebofya anafika palepale ulipo wewe. Jenomu isiyokuwemo kwenye orodha yao unaweza kuileta mwenyewe kupitia habu, yaani mkusanyiko wa mafaili kwenye seva yako ambao kivinjari huusoma. Kinachonifurahisha zaidi ni bando. Faili la bigWig au bigBed (aina za mafaili ya traki) linabaki kwenye seva yako, na kivinjari huvuta kipande kinachotazamwa tu. Mtu wa Newala au Nachingwea hahitaji kupakua gigabaiti kadhaa ili aone jeni moja.

Tena linki hubeba toleo la jenomu, na hilo si dogo. Chukua selimundu. Badiliko la jeni linaloisababisha liko kwenye kromosomu 11, nafasi ya 5,227,002 katika hg38, toleo mojawapo la jenomu ya binadamu. Katika hg19, toleo la kabla yake, badiliko hilohilo liko 5,248,232. Na ukifungua faili la BED, orodha ya maeneo ya jenomu, utakuta imeandikwa 5227001 hadi 5227002, kwa kuwa BED huanza kuhesabu na sifuri. Namba tupu kwenye ujumbe wa simu haisemi lolote kati ya haya, na anayeipokea anaweza kupima sehemu isiyohusika kabisa.

Nikiwa katika selimundu: data za wagonjwa zisiwekwe kwenye linki ya wazi. Anayeipata anaweza kumpelekea mwingine, na hutajua imefika wapi. Muhogo hauna siri ya hospitali, binadamu anayo. Hapo sioni cha kujadili.

Shida ya kweli ni linki zinazokufa. Traki uliyoipakia bila kuhifadhi kikao (mpangilio wa kivinjari kama ulivyouacha) hufutwa saa 48 baada ya kutazamwa mara ya mwisho. Wengi hawalijui hili, wanatuma Ijumaa, msimamizi anafungua Jumatatu, hakuna kitu. Hifadhi kikao, kisha tuma linki ya kikao. Na faili lenyewe likae kwenye seva inayokubali kusomwa vipande vipande, isiyodai nywila. GitHub inafaa kwa mafaili madogo, ila hukataa linalozidi megabaiti 100.

Seva hiyo isiwe kompyuta ya mwanafunzi wa uzamili. Akihitimu anaondoka nayo, na traki zote zinakatika. Taasisi zinazotafiti mazao yetu ziweke gharama ya seva kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya kuandika andiko, ilipiwe hata baada ya mradi kufungwa, na awepo mtumishi wa kudumu mwenye jukumu la kuitunza.