Si kimo, ni ligi
Eti Misri, Tunisia na Algeria wanatamba kwenye mpira wa mikono Afrika kwa sababu ya maumbile ya wachezaji wao? Hapana. Ni kweli tangu 1974 kombe la wanaume limezunguka kwa hao watatu tu, lakini Cape Verde walifika fainali 2022, wengi wao wakicheza kwenye ligi ya Ureno, na wanawake wa Angola wamebeba la kwao mara kibao. Mtazameni beki wa Misri kwenye mstari wa mita sita, ule unaozunguka goli: anamsoma mpigaji kabla hajaruka, miguu inatangulia, mikono inafuata. Hilo hufundishwa kwa mechi za kila wiki (na makocha wanaolipwa!). Kwa wanaume, nchi gani kusini mwa Sahara ina ligi ya namna hiyo?