Jaji Aliyepita Auschwitz Akiwa Mtoto

Thomas Buergenthal alifikishwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Agosti 1944 akiwa na miaka kumi. Wengi wanaosimulia maisha yake husema alikuwa na bahati. Mimi neno hilo halinitoshi hata kidogo.

Kabla ya hapo aliishi na wazazi wake katika kambi ya kazi mjini Kielce, Poland. Siku moja Wanazi wakawatenga watoto ili wakawaue. Thomas akamkabili kamanda, akamwambia kwa Kijerumani, "Kapteni, naweza kufanya kazi." Akaachwa. Watoto wengine, kama thelathini hivi, wakauawa. Tukiishia kusema "bahati", tunamsahau mtu aliyejipa mamlaka ya kuamua mtoto yupi aishi.

Januari 1945 wafungwa wa Auschwitz waliswagwa kwa miguu kwenye theluji. Baridi ikamla Thomas vidole viwili vya mguu, vikakatwa huko Sachsenhausen, kambi nyingine ya Wanazi. Akiwa wodini, mfungwa mwenzake kutoka Norway, Odd Nansen, ndiye aliyekuwa akimtembelea na kumhangaikia asije akaondolewa na kuuawa. Baba yake alifia katika kambi ya Buchenwald. Mama yake alikuja kuonana naye mwisho wa 1946, Göttingen, Ujerumani.

Huko Göttingen, Jumapili, alikuwa akisimama kwenye roshani akiwatazama Wajerumani wakitembea na watoto wao, akitamani angekuwa na bombomu. Mwenyewe alilisema hilo wazi, na ndilo linalonifanya nimwamini. Chuki ile ilimtoka polepole. Akaenda Marekani, akasomea sheria, na kuanzia 2000 hadi 2010 akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Hapo ndipo maisha yake yalipokutana na yetu. Tarehe 19 Desemba 2005 alikuwa miongoni mwa majaji walioamua kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Pamoja na mengine, mahakama ilisema jeshi la Uganda liliwafunza watoto kupigana vita mashariki mwa Kongo. Buergenthal mwenyewe, baada ya kukombolewa, aliwahi kuandamana na askari wa Poland akiwa bado mtoto.

Sisi hukumu ile tunaizungumzia kwa fedha tu, hasa tangu 2022 Uganda ilipoamriwa kuilipa Kongo fidia ya dola milioni 325. Mwalimu wa sheria anayeifundisha, awe Bunia, Kampala au Dodoma, namwomba atenge hata nusu saa awaeleze wanafunzi wake mmoja wa majaji wale alitokea wapi.