CPA kwanza au kazi kwanza? Hesabu ya mwanafunzi wa uhasibu

Swali hili huanza kusumbua mwaka wa tatu, fildi ya mwisho ikiwa imekwisha na GPA ikijulikana inakoelekea. Wapo wanaosema kamata CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, kichwa kikiwa bado cha moto. Wapo wanaosema tafuta kazi kwanza, mitihani utaikuta. Kila upande una hoja, ila ni nadra kusikia mtu akizipima kwa kalenda.

Bodi ya wahasibu Tanzania, NBAA, hutahini mara 2 kwa mwaka: Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida huruka ngazi ya msingi na kuingia ngazi ya kati, masomo 6 (B1 hadi B6), kisha ngazi ya mwisho, masomo 4 (C1 hadi C4). Anayemaliza chuo Julai, akafanya ngazi ya kati Novemba na ya mwisho Mei, akafaulu yote, anakuwa amemaliza kabla mwaka haujatimia. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Wengi hubakiza somo moja au mawili, na kubakiza hata somo moja kunasukuma mpango mbele kwa miezi 6. Anayepanga kwa akili atenge miaka 2, pamoja na ada ya kila somo, vitabu na madarasa ya maandalizi.

Hoja nzito ya CPA kwanza imo ndani ya matangazo ya kazi serikalini. Kuna Afisa Hesabu Daraja la II, ambaye shahada inamtosha, na kuna Mhasibu Daraja la II, anayetakiwa awe na shahada pamoja na CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, au sifa inayolingana nayo. Kada ya kwanza ndiko msongamano uliko, kwa sababu kila mhitimu ana tiketi ya kuingilia. Msongamano wenyewe si hadithi: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596 za kada mbalimbali, waombaji walizidi 135,000, yaani zaidi ya watu 84 kwa nafasi moja. Sharti la CPA hupunguza foleni hata kabla ya usaili wa mchujo.

Ila hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Cheti cha ngazi ya kati pekee hakikuongezei mlango serikalini, maana tangazo la Afisa Hesabu hukiweka sambamba na shahada uliyo nayo tayari. Nusu ya CPA haina tangazo lake. Ukianza, gharama inarudi ukimaliza. Ukiishia B6 ukapumzika miaka 3, umelipa nauli ukashuka njiani.

Wa kazi kwanza nao wana msingi. Kufaulu mitihani si kusajiliwa kuwa CPA kamili: bodi inadai pia uzoefu wa vitendo wa miaka 3. Aliyejifungia na vitabu miaka 2 anamaliza huku saa ya uzoefu haijaanza kuhesabu. Waajiri binafsi nao, hasa kampuni ndogo, hawaanzi kwa kuuliza CPA. Wanauliza kama unaweza kufanya usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki) bila kushikwa mkono, kama unajua PAYE, kodi ya mishahara, inawasilishwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata na ritani (taarifa ya kodi) ya VAT tarehe 20. Na C1 au C2 zinamwia ngumu mtu ambaye hajawahi kushika hati ya malipo yenye kiambatisho kilichokosekana. Swali la mtihani linasimulia hali ya kampuni na kutaka uamuzi. Aliyekariri kanuni tu anaandika kurasa 4 bila kujibu.

Kosa la upande huu ni kudhani kazi itakuachia muda. Inategemea kazi gani. Kwenye kampuni ya ukaguzi, wateja wengi hufunga hesabu Desemba, na ritani yao ya mwisho ya kodi inatakiwa ndani ya miezi 6, yaani kufikia Juni 30. Mei ndipo unapolala kwa mteja. Lenga mitihani ya Novemba. Halmashauri ni kinyume: mwaka wa fedha unaisha Juni 30, hesabu zinapelekwa kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kufikia Septemba 30, kisha wakaguzi wanapiga kambi, na Novemba mhasibu anatafuta hati za mwaka mzima. Huyo Mei inamfaa zaidi, ingawa bajeti nayo ina kelele zake.

Kwa maoni yetu, ngazi ya kati ifanywe Novemba ileile ya kumaliza chuo, kabla mshahara na mikopo ya watu havijaanza kuvuta. B2 ya hesabu na B4 ya kodi bado zinafanana na madaftari ya mwaka wa tatu. Wakati huohuo, omba kazi yoyote inayogusa vitabu vya hesabu, hata ya muda au ya kujitolea, ila dai barua inayotaja kazi ulizofanya na tarehe, kwani ndiyo utakayoihitaji kuthibitisha uzoefu. Ngazi ya mwisho ifanyike ukiwa kazini, masomo 2 kwa awamu.

Anayelenga kuwa afisa mikopo benki, au kufungua duka lake, mpango huu haumhusu. Kwake ada ya masomo 10 ni mtaji.