Mtoto kwenye bembea, mzazi kwenye foleni ya urojo

Jioni ya sikukuu, bustani ya Forodhani pale Mji Mkongwe, Zanzibar, haina pa kukanyaga. Wachoma mishikaki wamepanga majiko yao ya mkaa, muuza urojo ana foleni, na kwenye ukuta wa bahari vijana wa makachu wanapokezana kujirusha majini. Hapo hapo watoto wanagombania bembea. Wazazi? Wengine wako kwenye foleni. Wengine wamekaa wameinamia simu. Na wapo ambao hawakuja kabisa: wamemvisha mtoto nguo mpya, wamempa mkono wa sikukuu, wamemkabidhi kwa dada yake wa miaka tisa.

Lawama inayofuata tunaijua: wazazi wa siku hizi wazembe. Ina mashiko. Mtoto wa miaka miwili hajui hesabu ya bembea. Anaona mbele peupe, anakatiza, na ubao unarudi ukiwa usawa wa kichwa chake. Ukiwa hatua ishirini kutoka hapo humwahi. Ongeza mafuta yanayochemka na bahari isiyo mbali. Kwa mtoto wa umri huo sioni utetezi, na nasema hivyo nikikumbuka siku niliyoinua macho kutoka kwenye simu nikakuta bembea inayumba tupu. (Alikuwa nyuma yangu, anachezea mchanga. Moyo ulichukua muda kurudi mahali pake.)

Ila tukiwaweka wazazi wote kapu moja tunakosea. Kwetu mtoto hajawahi kulelewa na mama peke yake. Mkono mmoja haulei mwana. Dada kumbeba mdogo wake ni jambo la kawaida, na kwa mama anayeuza vitumbua sikukuu ndiyo siku ya mauzo, hana nafasi ya kukaa benchi. Kilichopungua ni watu wazima waliokuwa nyuma ya yule dada. Zamani mtu yeyote wa makamo angekukemea, ukifika nyumbani ukaongezewa. Leo ukimkanya mtoto wa watu unaulizwa una nini naye, na ukimshika mkono unashukiwa ubaya. Hofu hiyo haikuzuka hewani, wabaya wapo. Matokeo yake kila mtu anamtazama wake, na aliyekuja bila mtu mzima hatazamwi na yeyote.

Halafu kuna upande ambao lawama hii huuficha. Tarehe 1 Oktoba 2008, katika sherehe za Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora kwenye disko toto, ndani ya ukumbi uliofurika. Tangu hapo, msimu wa sikukuu ukikaribia, polisi huwa wanapiga marufuku disko toto na kuwaonya wazazi wasiwaachie watoto watembee peke yao. Onyo ni la haki. Lakini anayejua ukumbi unabeba watoto wangapi, na wangapi wameshaingia, ni mwenye ukumbi. Mzazi hauzi tiketi.

Huku Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amkinge mtoto na hatari, na hiyo hiyo inatambua haki ya mtoto kucheza. Asiye na muda wa kusimama kiwanjani afanyeje, amfungie ndani? Kwangu mstari uko kwenye umri. Chini ya miaka mitano, mzazi au mtu mzima aliyemtuma awe karibu kiasi cha kumdaka. Akishafika saba au nane, anahitaji kuanguka kidogo na kugombana kidogo bila mama kuingilia, na hapo zamu ni ya wenye kiwanja: uzio mfupi kati ya bembea na njia, mlinzi mwenye filimbi kwenye ukuta wa bahari siku za sikukuu.

Kwa dada wa miaka tisa bado sina jibu. Nilimwona mmoja Idi iliyopita, gauni jipya, mdogo wake mgongoni, amepanga foleni ya bembea kama wenzake. Zamu yake ilipofika akamtazama mtoto, akampisha wa nyuma yake.