Nota za muziki kwenye kila programu: faida ya nani, mzigo wa nani?

Ombi hili halikosekani kwenye programu yoyote inayogusa maandishi au sauti: tuwekeeni nota. Mwalimu anayetunga mtihani wa muziki anataka mstari mmoja wa wimbo katikati ya swali. Mtayarishaji wa studio anataka kumchapishia mpiga tarumbeta kile alichokirekodi kwa kinanda. Mwandishi wa makala ya kamusi elezo anataka msomaji auone wimbo, asiishie kusimuliwa. Watengenezaji wa programu mara nyingi husita, na watumiaji huwaita wavivu. Nadhani wanaonewa, ingawa si kila mara.

Kwa anayeangalia kwa mbali, nota ni alama tu, na alama zipo: Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, iliziingiza mwaka 2001. Lakini Unicode iliacha kwa makusudi suala la nota ikae mstari gani kati ya ile mitano inayoonyesha juu na chini ya sauti. Alama unaweza kuiweka ndani ya sentensi. Kuipandisha mahali pake, hapana. Hiyo ni kazi ya mtambo mwingine kabisa, na huo mtambo ndio wenye gharama.

Studio nako si mteremko. Ukibonyeza kibao cheusi kilicho kati ya C ya katikati na D, MIDI, lugha ya kinanda na kompyuta, hurekodi namba 61, nguvu uliyobonyezea, lini ulibonyeza na lini uliachia. Haijui kama ulikusudia C iliyopandishwa nusu toni au D iliyoshushwa, na kwa msomaji wa nota hizo ni habari mbili tofauti. Tena hakuna binadamu anayepiga sawasawa na saa. Ukichelewa kidogo tu, programu isiyo makini inakuandikia nota fupi iliyofungwa kwa nyingine fupi zaidi, na vimapumziko ambavyo hakuna mpigaji anayevitaka. Kati ya programu za studio, Ableton Live imebaki na vibanzi vyake vinavyoonyesha sauti na urefu wake, bila mistari mitano, na sioni kosa hapo. Reaper iliongeza nota mwaka 2016. Cubase, iliyokuwa nazo miaka mingi, mwaka 2024 iliweka kando mtambo wake wa zamani ikachukua ule wa Dorico, programu ya kampuni hiyo hiyo ya Steinberg iliyojengwa kwa ajili ya nota tu. Kama wenye uzoefu huo wote wameona afadhali kazi ya kuchora ifanywe na mtaalamu, programu ya kuandikia barua isijitie ujuzi.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Wikipedia. Mwaka 2013 iliwekewa kiongezi kiitwacho Score, kinachotegemea LilyPond, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Mhariri haburuti nota kwa kipanya. Anaandika hivi:

c'4 d' e' f' g'2 g'

Herufi ni sauti. Kile kialama cha juu kinasema tuko kwenye C ya katikati na zinazoifuata. 4 ni nota ya robo, yaani pigo moja, na 2 ni ya nusu, mapigo mawili. LilyPond inachora mistari, inaweka ufunguo wa G (ile alama ya mwanzo wa mistari), inagawa baa mbili za mapigo manne. Mwingine akiona kosa anabadili herufi moja, na historia ya ukurasa inaonyesha nani kabadili nini. Picha ya nota iliyopakiwa haikupi nafasi hiyo.

Kisha ikaja Julai 2020. Faili la LilyPond linaweza kubeba msimbo wa lugha ya Scheme, na ilibainika kwamba kinga iliyotegemewa kuzuia msimbo hatari ilikuwa na upenyo. Score ikazimwa. Makala za muziki zikabaki na ujumbe kwamba nota zimezimwa kwa muda, na huo muda ukaingia mwaka 2021, mpaka uchoraji ulipohamishiwa kwenye chombo kilichotengwa na mfumo mkuu. Anayepinga nota ana hoja nzito hapa: kipengele kinachotumiwa na wachache kilifungulia mlango hatari mfumo unaotumiwa na dunia nzima.

Hoja naikubali, hitimisho lake silikubali. Maandishi ya nota yalibaki ndani ya makala muda wote huo. Mchoraji aliporudi, nota zilirudi, hakuna aliyeandika upya.

Linganisha na Finale, programu ya kuandikia nota iliyotoka mwaka 1988. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuacha kuiendeleza. Watunzi wenye mafaili ya miongo mitatu wakatakiwa kuyatoa kwa MusicXML, umbizo la Michael Good la kuhamishia nota kati ya programu, lililotoka mwaka 2004. MusicXML inahamisha sauti na mapigo vizuri. Mpangilio wa ukurasa mara nyingi hufika umevurugika, na mtu anarudia kazi ya mikono. Kwa hiyo nikiulizwa kama programu fulani iongezewe nota, ninauliza kwanza inazihifadhi kwa umbizo gani. Kama ni lake peke yake, bora isiongeze.

Huku kwetu kuna jambo lingine. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya huimba kwa solfa, mfumo wa kuandika sauti kwa herufi za do, re, mi, ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Ndio aliouandikia Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, alipotunga wimbo ambao tuni yake tunaimbia Mungu Ibariki Afrika. Ule mstari wa LilyPond, kwa solfa, ni huu:

d : r | m : f | s : – | s : –

Unaandikika kwenye simu yoyote. Shida huanza sauti zikiwa nne na maneno chini yake. Mwalimu wa kwaya anapanga kwa nafasi tupu kwenye Word, anatuma WhatsApp, simu ya mpokeaji inabadili fonti, na pigo la tatu la besi linajikuta chini ya pigo la nne la soprano. Programu kubwa za nota nazo zimejengwa juu ya mistari mitano, hivyo wengi huandika solfa kama maneno ya wimbo chini yake. Ukirekebisha nota, herufi hazifuati.

Kweli solfa ina mipaka. Wimbo unaohamisha do yake mara kwa mara unaisumbua, na mpiga ogani anahitaji mistari yake. Lakini huyo programu anazo, tena nyingine za bure. Kipengele cha kupanga tu nukta mbili za sauti nne ziwe wima, kikahifadhi kila kitu kama maandishi ya kawaida, ni kazi ndogo isiyohitaji hata mchoraji, na ndicho ningekianza kabla ya ufunguo wa G wowote.